Fundo la Chande

Usukani mpya Mbaruku aliufunga mwenyewe uani kwake, na kosa lake lilimkuta kwenye kona ya daraja. Alipokata kulia, waya wa mafuta, ule wa kuongeza mwendo, uliokuwa mfupi kwa usukani ule mrefu, ulivutika wenyewe. Pikipiki ikaruka mbele, na nyuma kampakia mama na kichanga. Mungu si Athumani, hawakuanguka.

Aliikokota hadi kijiwe chao cha bodaboda, akawasimulia wenzake, kisha akaenda kumtafuta fundi. Hakumpata. Aliporudi alikuta waya umepitishwa njia ya mkato chini ya tangi, umefungwa kwa ukanda wa tyubu, ncha za fundo zimefichwa ndani. Fundo lile alilijua. Pale kijiweni ni Chande tu aliyefunga hivyo, na wao wawili hawajasalimiana tangu Ramadhani. Chande alikuwa mwisho wa foleni, kawapa mgongo, anafuta kiti kisicho na vumbi.

Akatokea abiria, bibi mwenye kikapu cha mchicha. Zamu ilikuwa ya Mbaruku.

"Panda ile ya mwisho, bibi," alisema. "Yule mimi namwamini."

Foleni nzima ikageuza vichwa. Chande alimpakia bibi, akaja polepole hadi alipokuwa Mbaruku, akasimama na kuzima injini yake.

"Washa," alisema bila kumtazama. "Kata kulia hadi mwisho, nisikie."

Mbaruku akawasha, akakata. Injini ikaendelea kunguruma vilevile, taratibu, na wote wawili wakabaki wameinamisha vichwa, wakiisikiliza.