Sala ya Mama yake Zelman

Gari la Ezéchias lilipokataa kuwaka nje ya duka la Waburundi kule South End, Louisville, Marekani, Azarias, shemeji yake aliyemtembelea kutoka Buffalo, alishuka, akaweka mkono juu ya boneti, akaliombea kwa lugha ya Wayahudi.

"Kum arop fun dakh," alianza, kwa sauti nzito ya mtu aliyeongoza kwaya tangu kwao Minembwe, Kongo, akaendelea mpaka mwisho wa sala. Ezéchias akajaribu tena. Gari likawaka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Azarias alijua kwamba kiburi ndicho ugonjwa wake. Alikuwa akikiri hivyo mara kwa mara, kwa kiburi. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee: kila asubuhi alipanda basi kutoka Kensington-Bailey, Buffalo, hadi Kenmore, kumwogesha na kumpikia mzee mmoja Myahudi aliyeitwa Zelman. Lakini mtu akimuuliza anafanya kazi gani, alijibu kwamba anasoma na ukoo wa Ibrahimu. Walichosoma hasa kilikuwa matokeo ya mpira.

Ile sala aliipata mezani. Kila alipoleta supu, Zelman aliinua uso kuelekea dari, akazungushia mdomo viganja vyake viwili, akayatoa maneno yale kwa sauti ndefu. Azarias aliinamisha kichwa, akaitikia Amina.

"Ni maneno ya nani, Papa Zelman?" aliuliza siku moja.

"Ya mama yangu. Aliyasema kila siku, jua likikaribia kuzama."

"Alikuwa mtu wa Mungu."

Mzee alichukua kijiko. "Alikuwa na sauti kubwa," alisema. Kisha akakoroga supu bila kuinywa. "Wanazi walimuua, pamoja na dada zangu na karibu Wayahudi wote wa mji wetu. Picha yake sina. Kaburi hana. Nina maneno hayo tu, na mimi nimezeeka."

Azarias aliketi. Yeye pia alikuwa na mama, huko milimani Kivu ya Kusini, ambaye hakuna mtu wa kwao aliyemzika.

"Nifundishe," alisema.

Zelman alikuwa mwalimu mkali. Mwisho wa lile neno "dakh" ulimtesa Azarias kuliko yote. Aliukohoa jikoni, akaukohoa ndani ya basi mpaka abiria wakahama viti. Siku ulipotoka sawasawa, mzee aligonga meza kwa furaha, akaomba supu nyingine.

Basi, mtu akipewa kitu kama hicho hukitumia. Kule Columbus, kwenye harusi ya Isimbi, binti wa dada yake, Azarias alishika kipaza sauti akawabariki maharusi. Ukumbi mzima ulisimama, na mchungaji akalia. Akawaombea watoto wenye homa, akauombea mtihani wa udereva wa jirani yao Leya, akaiombea nyumba ya watu waliokuwa ndiyo kwanza wanahamia. Clémence, mke wake, peke yake ndiye asiyesema Amina.

"Weye unajua ile maneno inasema nini?" alimuuliza.

"Maombi ya mama haina lazima ya kutafsiriwa."

"Donc, kumbe hujui," Clémence alisema.

Azarias alipomsimulia Zelman habari za harusi, mzee alicheka mpaka akapaliwa, akajifuta macho kwa kitambaa cha meza.

"Walisimama wote?"

"Wote, Papa. Na mchungaji akalia."

"Endelea," Zelman alisema. "Endelea hivyo hivyo. Usiache hata neno moja."

Zelman alifariki mwishoni mwa baridi, theluji ikiwa bado imekaa kando ya barabara. Binti yake, Miriam, alimpigia Azarias simu: baba alitaka yeye aseme neno makaburini. Azarias alivaa suti ya harusi. Clémence alimsihi awe mfupi, naye akamwahidi, kisha akasimama mbele ya watu akamshukuru Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka miguu ya waombolezaji ikaanza kufa ganzi. Ndipo akainua uso mbinguni, akazungushia mdomo viganja vyake, akaiita sala yote kwa nguvu za kifua chake.

Watu waliinamisha vichwa. Wengi wao hawakuijua tena lugha ya babu zao. Lakini pale mbele, bibi mmoja katika kiti cha magurudumu alianza kucheka. Alikuwa Gitla, binamu yake Zelman, mtu wa mwisho wa ukoo aliyezaliwa kule Ulaya. Alicheka mpaka Miriam akamshika mabega.

Azarias alimsogelea. "Nimekosea matamshi, Bibi?"

"Hujakosea. Ni kama nimemsikia shangazi mwenyewe." Gitla alipangusa macho. "Umesema, 'Shuka huko kwenye paa, punda wewe, supu inapoa.'"

Azarias aliwakumbuka maharusi wa Columbus walivyopiga magoti. Alimkumbuka mchungaji na machozi yake. Kisha cheko likamshika naye, palepale kando ya kaburi, likamshika na Miriam, na Clémence akalazimika kugeuka upande wa pili na kujifunika uso kwa kitenge.

"Alipenda sana kukaa juu ya paa, huyu," Gitla alisema walipotulia. "Kila jioni mama yake alimwita hivyo, mtaa mzima ukisikia."

Alilitazama jeneza.

"Isipokuwa jioni ile askari walipofika mlangoni. Zelman aliniambia supu ilikuwa imeshapakuliwa, yeye yuko juu ya paa, na mama hakumwita."