Kiti cha Baba

Siku ya kumrithi baba yake uenyekiti wa viwanda vya ukoo pale Coimbatore, India, Meyyammai alisogezewa karatasi na baba yake mdogo. Iliandikwa kwamba boila ya mvuke iliyolipuka kiwandani ilimuua fundi kwa sababu alikuwa amelewa.

"Hakuwa akinywa, baba mdogo. Aliniomba mara tatu itengenezwe. Mimi ndiye niliyesema tununue kwanza kiwanda cha saruji."

"Ndiyo maana utie sahihi, mwanangu. Au kiti utakikalia jela?"

Akatia sahihi. Wino ulimvujia kidoleni, akaufuta kwenye sari.

Mlangoni alimkuta mjane wa fundi. Mjane aliinama, akamgusa miguu kwa heshima.

"Asante, mama. Nimeambiwa umekataa aandikwe mlevi. Umemsitiri mume wangu."

Meyyammai akamwekea mkono kichwani, akambariki.