Tusi la Mwalimu Mkuu

Aliposikia neno lile kwa mara ya tisa, na hata saa nne asubuhi haijafika, binti wa mwalimu mkuu alikibwaga kijiko ndani ya bakuli, supu ikamrukia mkononi.

"Moppet," baba yake alirudia, akimkazia macho.

"Baba, inatosha. Kunywa supu."

"Moppet!"

Kiharusi kilikuwa kimempiga mzee miezi minne iliyopita na kuuzima upande wake wote wa kulia. Kiswahili chake kilikwenda na maji. Kilichobaki ni maneno mawili matatu ya Kiingereza cha kale, kile ambacho hata wenyewe walishakizika. Akitaka maji husema "forthwith", yaani sasa hivi, si baadaye. Akikataa dawa ni "nay", hapana. Na tangu Jumatatu kulikuwa na hili la tatu, kila binti yake alipomsogelea.

Maana yake binti hakuijua, lakini alimjua baba yake. Katika miaka thelathini na moja ya ualimu, mzee huyu hakuwahi kushika fimbo. Alikuwa na silaha mbaya zaidi. Mwanafunzi akikosea, alipachikwa neno la Kiingereza lililochakaa, kisha akatumwa ofisini kwenye kamusi nene kama tofali, akatafute mwenyewe alichotukanwa na kurudi kukisoma mbele ya darasa. Nyumbani hakukuwa na nafuu. Akiwa na miaka saba, binti aliitwa "slugabed" kwa kuchelewa kuamka. Akiwa na kumi na tano, kwa sababu ya shati lililopigwa pasi vibaya, aliitwa "slattern". Alilia alipoona maana yake: mwanamke mchafu, wa ovyo ovyo. Siku alipoolewa aliapa kutoligusa tena lile dude la kamusi.

Na leo yeye ndiye anayemgeuza kitandani, anayemwogesha, anayemfulia mashuka. Kaka yake hupiga simu Jumapili kuuliza hali. Yaani malipo yake ndiyo haya, kutukanwa asubuhi hadi jioni? Juzi, alipokwisha kuitwa hivyo mara kumi na nne, alinyanyua simu.

"Kaka, njoo umchukue. Kuna nyumba za kutunzia wazee, mtafutie moja. Mimi basi."

Kaka aliahidi kufika leo saa sita na gari. Wote wawili walijua kwamba mzee akishatoka hapa, harudi tena.

Begi lilikuwa tayari mlangoni, lakini lile neno lilizidi kumkera. Hakutaka kuagana na mtu bila kujua ameitwa nini. Kamusi ya shule ya wanawe haikuwa nalo, na simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Akavuka barabara kwenda kwa fundi saa, mwanafunzi wa zamani wa baba yake.

"Moppet?" Fundi aliitoa lenzi jichoni. "Hilo sikupewa, dada. Mimi nilikuwa 'popinjay', mtu wa kujishaua. Kisa, nilikuja shule na saa ya mkononi. Mpaka leo mke wangu akikasirika ananiita hivyo hivyo."

"Lakini unadhani ni baya?"

"Limetoka kwa Mwalimu halafu unauliza? Umewahi kumsikia akimpa mtu neno zuri?" Alicheka, kisha akauona uso wa binti, akaacha. "Lile dude lake bado lipo?"

"Liko uvunguni mwa kitanda chake."

"Basi nenda kasome, kama zamani. Ila kaa chini kwanza."

Alirudi nyumbani akihema kwa hasira. Alipiga magoti kando ya kitanda, akalivuta dude likakwaruza sakafu. Mzee alimtazama. Hapo nje honi ikalia mara mbili. Kaka amewahi, na wala hajisumbui kushuka garini.

"Nakuja!" alipaza sauti, akaifungua kamusi.

Kumbe mzee alikuwa akiweka kumbukumbu. Pembeni mwa kila neno alilowahi kumbandika mtu, aliandika kwa wino wa bluu jina la mtoto na tarehe. Binti alianzia kwenye "slattern", kujitonesha kidonda tu. Majina sita yalipangwa hapo, na lake lilikuwa la tatu. Akafunua nyuma kidogo: "popinjay" lilikuwa na fundi saa peke yake, na tarehe yake. Hakuna aliyesahauliwa. Mtu gani huyu, anayeyatunza matusi kwa namna hii miaka yote? Machozi ya hasira yalimlenga, akayafuta kwa kiganja, akazidi kurudisha kurasa nyuma.

Honi ikalia tena, safari hii kwa kuvuta.

Akaliona. "Moppet: mtoto mdogo apendezaye, hasa wa kike, kipenzi. Neno la kubembelezea."

Alisoma mara mbili, akifuata kwa kidole. Pembeni hapakuwa na jina la mwanafunzi yeyote. Palikuwa na tarehe moja tu, wino wake umefifia: siku aliyozaliwa yeye.