Nkuba Afungua Uwanja

"Punguza futi mbili," Severina alimnong'oneza fundi Jailos. "Na mume wangu asijue."

Jailos alivua miwani ya kuchomelea. Mbele ya karakana yake lilisimama goli la kikapu la shule ya Nyololo, bomba moja likiingia ndani ya jingine na kushikwa na bolti, futi kumi kamili kama sheria ya mchezo inavyotaka.

"Mama, mzee ana futi saba. Ni kuruka kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho asichokiweza."

Mumewe, Nkuba, alikulia Usangu akichunga ng'ombe. Akasajiliwa na timu moja ya Mbeya, kisha mawakala wakampeleka Uturuki, akala mshahara wa mpira wa kikapu misimu kumi na moja. Alirudi na magoti yaliyochakaa, akamwoa Severina, wakapanda maparachichi. Madereva wa malori ya Tunduma walisimamisha magari wapige naye picha. Wakimuuliza alifunga pointi ngapi, alikohoa, akaanza kuwaeleza theluji ya Uturuki inavyoanguka. Severina aliona ni unyenyekevu, akazidi kumpenda.

Sasa Mwalimu Edmund alikuwa amejenga uwanja wa kikapu shuleni, na Jumapili moja alisimama kanisani akatangaza kwamba Nkuba ataufungua mwenyewe: ataruka mbele ya wageni na kuuzamisha mpira golini kwa mikono miwili. Kanisa zima lilipiga makofi. Nkuba alipunga mkono, akatabasamu, na tangu siku hiyo akawa anauacha ugali mezani.

Wiki ile Severina alimwona nyuma ya banda la kuku. Alikunja magoti, akahesabu hadi tatu, akatupa mikono juu. Kuku waliruka. Yeye hakuruka.

Ndiyo maana kesho yake Severina alikwenda kwa Jailos.

Siku ya uzinduzi watu walitoka Iringa, wengine Uyole. Goli lilikuwa limesimikwa na kuzibwa kwa turubai la lori lililotundikwa kwenye miti mirefu, limefungwa kamba juu hadi chini. Nkuba aliingia na jezi yake ya zamani, imembana tumbo. Mchungaji akaomba. Mwalimu Edmund akavuta kamba, turubai likaanguka.

Ringi ilikuwa usawa wa kitovu cha Nkuba.

Severina alimfuata Jailos nyuma ya spika. "Nilisema mbili!"

"Mwalimu naye alisema mbili," Jailos alijitetea, jasho likimtoka. "Mchungaji akasema moja na nusu. Na mimi mwenyewe nikamwonea huruma kidogo. Kila mtu alikuja na siri yake, mama. Ningemkatalia nani?"

Severina aligeuka. Mwalimu Edmund alikuwa anafunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mchungaji alikuwa amefumba macho tena, ingawa maombi yalikwisha. Dereva mmoja alianza kucheka, akapigwa kiwiko.

Nkuba aliliinamia goli lile kama mtu anayechungulia kisima. Alilitazama muda mrefu, mpira ukiwa mkononi. Severina alitamani ardhi ipasuke immeze. Nkuba angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza kugomba.

Hakuondoka. Alikunja magoti, akahesabu hadi tatu kwa sauti, akauingiza mpira kwa mikono miwili, taratibu, kama mama anayemlaza mtoto. Mpira ulipita kwenye wavu ukamwangukia miguuni.

Kisha akanyoosha mikono juu, akaanza kulia.

Akina mama wakapiga vigelegele, maana hawakujua la kufanya. Malori barabarani yakapiga honi. Severina alikimbia katikati ya uwanja akamshika mumewe kiunoni.

"Baba Dastan, nisamehe. Ni mimi niliyemtuma fundi. Nimekuaibisha mbele za watu."

Nkuba alijifuta machozi kwa jezi.

"Umeniaibisha nini, Mama Dastan? Mbeya nilikaa benchi, na kule Uturuki sikuingia kwenye mechi hata moja. Niliajiriwa nisimame mazoezini mikono juu, wenzangu wazoee kufunga mbele ya mtu mrefu." Akauokota mpira, akaukumbatia. "Hiki ndicho kikapu changu cha kwanza."