Mlinzi wa Hatua ya Tatu

Kuku wa kwenye mchezo aliruka ukuta wa pili, na moyo wa mama aliyemchora ukaruka naye.

Tangu serikali ibane maduka ya michezo ya mtandaoni, hakuna mchezo unaouzwa bila kibali cha afisa aliyeketi mbele yake, naye hapitishi asichokicheza mwenyewe. Sasa alikuwa ameinamia simu, kidole gumba kikiteleza kiooni, masharubu mazito yakichezacheza.

Masharubu hayo ndiyo yaliyomponza mama wa watu. Alipokuja mara ya kwanza kuulizia kibali, alimkuta afisa amesinzia mezani, mdomo wazi, akadhani ni mtu wa mapokezi tu. Akarudi nyumbani akicheka peke yake, akamchora: mlinzi wa hatua ya tatu, anayekoroma huku kuku wakimpita.

"Kuku wako ana kiherehere, dada," afisa alisema.

"Ndivyo alivyo, bosi," mama alijibu.

Lango la hatua ya tatu likafunguka. Mlinzi akakoroma, masharubu yakapepea. Kidole gumba kikaganda.

Polepole, afisa akajipapasa juu ya mdomo.

"Huyu analala kazini kwa nini?"

Uongo ulimjia mama, akauacha. "Nilimwona amechoka, bosi. Nikajisemea labda ana mtoto mchanga nyumbani. Wangu pia halali."

Afisa aliinuka, akafunga mlango, akarudi kuketi.

"Mapacha," alisema kwa sauti ya chini, na kidole gumba kikaanza kuitafuta hatua ya nne.