Tauni Haitajwi Nyumbani

"Liseme wewe basi, mdomo si unao!"

"Mimi? Na harusi yangu Jumamosi?"

Mimi na dada yangu Mashavu tulikuwa tunagombana jikoni kwa kunong'ona. Kila nyumba ina sikio la serikali ukutani. Likisikia neno "tauni", milango inajifunga siku arobaini, dawa zinaletwa dirishani. Usiposema, hupati dawa. Kwa hiyo mtaa mzima unasema "mafua", na watu wanazikwa kwa mafua.

Mama alikuwa chumbani, siku ya tatu ana homa, kwapani uvimbe kama yai.

"Mnaogopa neno?" akaita. "Babu yenu alikuwa mwalimu wa madrasa. Alisema limetoka kwenye Kiarabu, kwenye kuchoma kwa mkuki. Wagonjwa wa zamani walihisi wamechomwa na adui wasiyemwona. Wakampa jina, wamjue."

Mashavu akaangalia hina mikononi mwake. Mimi nikafikiria kazi yangu bandarini. Siku arobaini, nafasi yangu kashapewa mwingine. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mafua yatapita, Mama."

Mama akatoka chumbani, anajishikiza ukutani, mpaka chini ya sikio.

"Haya, tokeni kwanza," akasema.

"Nani atakupokelea dawa?" nikauliza.

"Mikono ninayo. Tokeni."

Mashavu akachukua viatu vyake, akatoka. Mimi nilisimama kidogo, ili angalau nionekane nimesimama. Halafu nikageuka, nikaondoka. Sijafika hata barabarani, nikasikia mlango unajifunga. Sikugeuka.