Watu wa Aina Hiyo

"Tukiwajengea watu wa aina hiyo nyumba za bei nafuu hapa, tutakuwa tumefuga wezi," alisema mwenye duka la dawa, na ukumbi wa baraza la mji ukampigia makofi.

Nyuma akasimama mwanamke anayemuuguza mama wa mwenye duka huyo. Aproni yake ilikuwa bado imelowa kifuani.

"Kaka, mimi ndiye ninayemwogesha mama yako kila asubuhi. Natembea kwa muda wa saa mbili kufika kwenu. Nimeomba nyumba moja kati ya hizo."

"Wewe sikukutaja."

"Umenitaja. Umesema watu wa aina hiyo."

Mwenye duka akawatazama madiwani, akacheka kidogo. "Kama kwetu ni mbali, hujalazimishwa kuja."

Mwenyekiti aligonga meza, lakini mwanamke alikuwa ameshafika mbele. Akatoa mfukoni ufunguo wa nyumba ya mgonjwa, umefungwa uzi mwekundu uliofifia kwa jasho, akauweka juu ya karatasi za hotuba ya mwenye duka.

"Mama hula saa moja jioni. Ukimgeuza, usimlaze upande wa kulia. Ana kidonda."

Akatoka bila kusubiri kura.

Mwenye duka aliutazama ufunguo, asiuguse.